Mama Epiphanie na Mfungo wa Samaki wa Nyamyumba

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mama Epiphanie Mukagatare, mkuu wa vikosi vya chanjo katika kampuni yetu ya Kinga Samaki hapa Gisenyi, anastaafu baada ya miaka kumi na moja ya utumishi. Alikuwa mfanyakazi wa kwanza kuajiriwa na Daktari Habiyaremye, mwanzilishi na mkurugenzi wetu, na kwa muda mrefu alikuwa pia mfanyakazi wa pekee. Mimi ni Onésphore Ntawukuriryayo, mtunza chanjo, yaani mtu wa majokofu na barafu. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu nilikulia Ngara, Tanzania, na wenzangu wanadai Kiswahili changu kinafaa kusomwa mbele ya wageni. Wakati mwingine wowote hukicheka.

Wageni wetu wataona picha ukutani: boti tatu, meza za chanjo juu ya maji, akina mama waliovaa glavu na aproni, na wateja kutoka Karongi na Rusizi wakitia sahihi huku wametabasamu. Ni picha nzuri na zote ni za kweli. Lakini nisingependa mtu aondoke akidhani kampuni hii ilinenepa tu mwaka hadi mwaka bila msukosuko. Katika mwaka wetu wa tano nusura tufunge mlango, na Mama Epiphanie nusura apoteze kazi, jamaa na mahali pa kulala kwa asubuhi moja. Habari hiyo nitaieleza kwa kirefu, kwa kuwa karibu kila kilichomo katika picha hizo kilitoka humo.

Kwanza tumjue. Mama Epiphanie alizaliwa Masisi, akakulia Goma, akaja Rwanda akiwa mtu mzima mwenye cheti cha afya ya mifugo. Aliolewa Nyamyumba, kwa wavuvi, na mume wake alipofariki kwa ugonjwa yeye hakuondoka. Alibaki katika ua uleule pamoja na wifi yake, Mukashyaka, muuza sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, mwenye sauti inayosikika hadi katikati ya ziwa. Ua mmoja, milango miwili, jiko moja. Asiyemkuta mmoja nyumbani alimwachia mwingine ujumbe, na aliyewahi kurudi ndiye aliyepika.

Siku Daktari Habiyaremye aliporudi kutoka masomoni Uganda na wazo la kuwachanja samaki, Mama Epiphanie alikuwa akitibu ng'ombe na mbuzi upande wa Kanzenze. Alicheka mpaka akashika ukuta. Alitaka kujua samaki atashikiwa wapi wakati wa kudungwa, maana mkono hana. Kesho yake alirudi ofisini, ambayo ilikuwa chumba kimoja chenye jokofu moja, akaomba kazi. Daktari anasema hakuelewa kilichombadilisha usiku ule, na mwenyewe hajawahi kusema.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya kuchekwa. Meza yetu ya kwanza ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa. Sokoni karibu na mpaka wauzaji walimwuliza kama samaki wake hulia wakidungwa, na kama yeye huwabeba mgongoni baadaye kuwabembeleza. Alijibu kwamba hulia, lakini kwa kuwa wamo majini machozi hayaonekani. Wavuvi wakamwita Mama Sindano, na jina hilo ndilo wengi wenu mnalolijua. Polepole, kwa vizimba viwili hapa na vitatu pale, watu walianza kuona kwamba samaki waliopita mikononi mwake hawafi ovyo.

Kwa wasioijua kazi hii, nieleze kidogo. Samaki wa kufugwa ziwani hukaa wengi pamoja ndani ya vizimba vya nyavu. Ukiingia ugonjwa, unaingia kwa wote. Upo mmoja tunaouogopa kuliko yote, ambao wafugaji wanauita kizunguzungu: samaki huogelea kwa kuzunguka palepale, macho yanamtoka, na baada ya siku chache kizimba kimejaa matumbo meupe yanayoelea. Ukishaanza, dawa huwa inakimbia nyuma yake. Chanjo lazima itangulie. Na hata ikishadungwa, mwili wa samaki unahitaji kama mwezi mzima kujifunza kujilinda. Katika mwezi huo hakuna wa kumsaidia.

Mwaka 2019 ushirika wa akina mama wa Nyamyumba ulikuwa na vizimba vyao vya kwanza. Mwenyekiti wao alikuwa Mukashyaka. Hawa walikuwa wanawake waliotembea miaka mingi na mabeseni ya sambaza kichwani, na kila walichojiwekea walikuwa wamekitia ndani ya maji. Mama Epiphanie aliwashawishi mwaka mzima kukubali chanjo, sehemu kubwa ya ushawishi huo ukifanyika jioni mbele ya sufuria ya wifi yake. Walikubali. Ulikuwa mkataba mkubwa kuliko yote tuliyowahi kuipata, na Daktari alituambia waziwazi kwamba huu ukiharibika, kampuni itafungwa naye atarudi kutibu mbwa wa watu.

Mwezi wa Julai kizunguzungu kikaonekana katika vizimba vya mtu binafsi, ng'ambo ya rasi, si mbali na vya akina mama. Samaki wao walikuwa bado wazima. Tuliharakisha kila kitu. Mama Epiphanie alikwenda mwenyewe kuwapa sharti la kwanza la chanjo: tangu asubuhi ya siku inayotangulia chanjo, samaki wasipewe chakula hata chembe. Wote walisema wamesikia.

Asubuhi ya chanjo ziwa lilikuwa limetulia. Tulifunga boti kwenye jukwaa la mbao linaloelea kati ya vizimba, tukapanga meza, tukachanganya mafuta ya karafuu katika maji ya beseni. Mafuta hayo huwalaza samaki, ili wasipate maumivu wala kujirusha. Samaki analala, anadungwa tumboni mara moja, anatiwa kizimba cha jirani, na baada ya dakika chache anaamka na kwenda zake. Akina mama walikuwa wakiimba. Mimi nilikaa juu ya kasha langu la barafu nikiona fahari kama bwana harusi.

Aliyegutuka kwanza ni Belise Nishimwe, wakati huo msichana mgeni kazini, leo ndiye anayepokea kiti cha Mama Epiphanie. Alikuwa akitazama kizimba cha kuamkia, na alikitazama mno. Samaki tuliokwisha kuwadunga walikuwa wamelala ubavu na hawakuamka. Maji ya beseni nayo yalikuwa yamechafuka, yamekuwa kama uji mwembamba. Mama Epiphanie aliinua mkono, na vibomba vya sindano vikasimama vyote. Nyimbo nazo zikasimama.

Samaki walianza kuelea. Watu waliokuja kutazama kutoka ufukweni walisogeza mitumbwi yao, wanaume wengi, waume na kaka za wanachama. Mmoja akapaza sauti kwa Kiswahili cha mpakani: “Dawa yao inaua! Musibaache baende!” Mwingine akachomoa bomba la mafuta kwenye injini yetu na kulitia mfukoni. Tukaambiwa hakuna atakayeondoka pale mpaka samaki wafufuke. Ninaandika haya leo nikicheka kidogo, lakini siku ile sikucheka. Mitumbwi ilikuwa imetuzunguka pande zote, jukwaa lilikuwa linayumba, na kati yetu ni wawili tu waliojua kuogelea, nami simo.

Mama Epiphanie aliokota samaki mmoja mfu, akachukua kisu, akampasua tumbo. Lilikuwa limejaa. Chembe za chakula zilizovimba kwa maji zilimwagikia kiganjani mwake. Hapo tukaelewa: samaki aliyeshiba, ukimlaza kwa karafuu, hutapika, na matapishi humziba matamvua akakosa pumzi. Anayenusurika hapo, sindano inamkuta na utumbo uliojaa. Chanjo haikuwa na kosa lolote. Mtu alikuwa amewalisha.

Nilitazama mwisho wa jukwaa. Mukashyaka alikuwa amesimama na kitenge chake mdomoni, na macho yake yalisema yote. Kulisha ilikuwa zamu yake. Baadaye tulijua ilivyokuwa. Siku nzima aliona samaki wakija juu, midomo wazi, kila akipita. Alivumilia. Alfajiri akafikiri juu ya dawa kali inayokuja, na hapo akafanya alichofundishwa na kila muuguzi wa kituo cha afya tangu alipokuwa mtoto: usimpe mtu dawa kabla hajala. Akawapa, na akawapa vizuri, kama mtu anayemwandaa mgonjwa wake kwa safari ya hospitali.

Simu ya Mama Epiphanie ilikuwa ikinguruma. Alikuwa Daktari, aliyekwisha kupata habari. Nilikuwa karibu, na alipomweleza alichokikuta tumboni mwa samaki nilimsikia Daktari akimwamuru aseme sasa hivi, mbele ya wote, nani aliyewalisha. Sikumlaumu Daktari, wala leo simlaumu. Neno moja lingetuondolea jina la wauaji wa samaki. Lakini neno hilohilo lingemwangusha Mukashyaka mbele ya wanawake waliomwamini na wanaume waliokuwa wameshika makasia. Kisha jioni wifi hao wawili wangerudi katika ua mmoja. Na kunyamaza kulikuwa na hatari yake: akina mama wangekataa kabisa chanjo ya pili, huku kizunguzungu kikiwa nyuma ya rasi.

Aliwainulia wote yule samaki aliyepasuliwa. Akasema, “Hii samaki imekula asubui.” Nikaona macho yakianza kutafuta, na kabla hayajafika mwisho wa jukwaa, akauliza: “Ni nani hapa anakunywaka dawa na njaa?” Akawauliza tena, mmoja mmoja, akiwataja majina: wewe, kwa muuguzi wanakuambiaka nini? Mama mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba huambiwa ale kwanza. “Bon,” akasema Mama Epiphanie, akichanganya Kifaransa cha Goma. “Donc mwenye alibapa chakula alibapenda. Mimi nilisema tu musibape, sikusema ni juu ya sababu gani. Kosa iko yangu.”

Mtu mmoja akacheka, kicheko cha pua, kisha wengine. Si kicheko cha furaha, lakini kilitosha. Makasia yalishuka. Upande wa pili wa simu, Daktari alikuwa amekwisha kukata. Mfanyakazi wake alikuwa amekiri kosa kwa niaba ya kampuni, mbele ya mteja, juu ya jambo ambalo kampuni haikulifanya.

Lakini bado hatukuwa na chanjo. Chupa zilizofunguliwa zilikuwa za kumwagwa, kwa sababu haziwekwi mpaka kesho. Katika kasha langu zilibaki chupa nzima ambazo Daktari alikuwa amemwahidi mteja mkubwa wa kusini, mtu asiyesubiri. Simu yangu ikalia. Nikaagizwa nizirudishe Gisenyi bila kuchelewa. Nilipoinuka kufunga kasha, Mama Epiphanie akaja akalikalia. Nilimwomba kwa heshima zote ainuke. Alisema hatainuka mpaka Daktari aje mwenyewe aone sura za hao wanawake. Nilikuwa na amri ya mkurugenzi mfukoni, na mkuu wa kikosi juu ya kasha, tena si mwepesi.

Daktari alikuja mchana kwa pikipiki, suruali imejaa vumbi, hasira imempanda. Walisimama ufukweni mbali na watu, lakini upepo ulituletea maneno. Alimwambia kwamba ameliuza jina la kampuni kwa ajili ya jamaa yake. Mama Epiphanie akamjibu kwamba hana jina lingine la kuuza: samaki hawa wakifa bila chanjo, hana kazi na hana nyumba. Akaomba zile chupa. Chanjo ikishindwa, alisema, ataondoka mwenyewe bila kufukuzwa. Daktari aliwatazama wale akina mama waliokaa juu ya mawe. Kisha akatoa simu, akampigia mteja wa kusini na kumwambia asubiri. Yule mteja alituacha siku hiyohiyo.

Hapo ndipo ulipozaliwa mfungo. Samaki walipaswa kukaa tena bila chakula, siku nzima na zaidi, na kila mtu alijua itakavyokuwa: watapanda juu na midomo wazi, na kuna moyo utakaoshindwa. Kuweka mlinzi kungekuwa tusi. Mama Epiphanie akawakumbusha kwamba wote ni watu wa kusali, wa makanisa mbalimbali, na hakuna asiyejua kufunga. “Bo samaki bafunge, na sisi tufunge,” akasema. Mwenye mtoto anayenyonya na mwenye dawa ya kila siku wakaachiwa. Wengine wote, tangu jioni ile, hawakuweka kitu mdomoni ila maji, mpaka samaki wa mwisho adungwe. Walikaa ufukweni kwa makundi, wakisali, wakisukana nywele, wakitazamana. Daktari alifunga. Mimi nilifunga, na ninawaambia kwamba harufu ya mafuta ya karafuu kwa mtu mwenye njaa ni mateso ambayo bado hayajapata jina.

Chanjo ya pili ilikwenda salama. Maji ya beseni yalibaki safi, samaki walilala na kuamka, wakaenda zao. Lakini hatukuwa tumeshinda kitu. Mwezi wa kungoja ulikuwa unaanza.

Nyumbani kwa Mama Epiphanie palikuwa pagumu kuliko ziwani. Mukashyaka alikuwa amefunga pamoja na wengine, lakini peke yake, ametupa mgongo. Mfungo ulipoisha hakuja jikoni. Alileta mafiga matatu, akayapanga upande wake wa ua, akawasha moto wake. Mnaojua ua wa hapa kwetu mnajua hilo ni nini. Watu wanaweza kutukanana asubuhi na jioni wakala sahani moja, lakini moto wa pili ukiwashwa katika ua mmoja, jambo limekuwa zito. Hakumkasirikia wifi yake kwa kumshtaki. Alimkasirikia kwa kumfichia, maana kila alipomwona aliliona kosa lake mwenyewe. Hayo aliyasema baadaye sana. Majirani walipotuambia kwamba Mama Sindano anapika peke yake, tulijua anakula kidogo.

Kila asubuhi alikwenda kwenye vizimba kwa mtumbwi kabla ya kuja ofisini. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili samaki wafu walianza kupita wakielea kutoka ng'ambo ya rasi, macho yamewatoka, wakigonga nyavu za akina mama kwa nje. Wanachama waliwaokota kwa makapu, wakawafukia mbali na maji, kisha wakarudi na kukuta wengine. Wiki ya tatu, ndani ya kizimba kimoja, samaki mmoja alianza kuzunguka.

Mama Epiphanie alimtoa, akaja naye ofisini ndani ya mfuko, akamweka mezani kwa Daktari bila salamu. Siku iliyofuata walikuwa wengi zaidi. Siku nyingine, beseni zima la wafu. Ng'ambo ya rasi vizimba vilikuwa vimekwisha kabisa. Mwenye navyo alikuwa anakunja nyavu. Daktari alitoa kibao chetu cha mlangoni akisema anakipeleka kupakwa rangi, na wote tulijua kibao hakikuhitaji rangi. Belise aliniuliza kama Ngara kuna kazi. Mama Epiphanie alikuwa amekwisha kufunga nguo zake katika sanduku moja na kumwuliza binamu yake wa Cyanzarwe kama ana chumba.

Jumapili moja alikuta beseni nusu. Jumatatu, wachache. Siku iliyofuata alizunguka vizimba vyote mara mbili, kwa kuwa hakuamini macho yake, halafu akamwita Belise azunguke naye mara ya tatu. Hapakuwa na samaki mfu. Siku iliyofuata hapakuwa, wala iliyofuata. Chini ya mtumbwi, samaki wa akina mama walikuwa wengi, weusi, wazima, wanashindana kuja juu kutaka chakula. Belise anasema Mama Epiphanie aliketi katika mtumbwi akalia kwa sauti, na kwamba alilia kwa muda usio mfupi. Daktari akarudisha kibao. Hakikuwa kimepakwa rangi.

Jioni ya siku hiyo Mama Epiphanie alirudi nyumbani akidhani hakuna kilichobadilika huko. Alipoingia uani aliona yale mafiga matatu yamesukumwa kando, majivu yamefagiwa. Sufuria kubwa ilikuwa kwenye jiko la zamani. Mukashyaka alikuwa ameketi kando yake na sahani moja, hajainua macho. Akamwambia: “Kuja ukule. We umefunga siku mingi sana.”

Mama Epiphanie mwenyewe ndiye aliyetusimulia hayo, mwaka mzima baadaye.

Yaliyofuata mnayaona ukutani. Habari za vizimba vilivyosimama pale vya jirani vilipokufa zilisafiri haraka kuliko sisi. Wateja walikuja, wengine kutoka upande wa Karongi, wengine Rusizi. Hata yule wa kusini alirudi, akijifanya hakuwahi kuondoka. Akina mama wanane wa ushirika walijifunza kudunga, na leo ndio mikono yetu ya haraka zaidi. Mama Epiphanie alibadili namna yetu ya kufanya kazi. Hakuna mteja anayepewa sharti bila sababu yake, na sababu hiyo husemwa kwa maneno ya jikoni, sokoni au kanisani, yoyote anayoyajua mtu huyo. Meza ya mlango wa zamani aliiondoa, akachora mwenyewe meza tunazotumia sasa, zenye ukingo ili samaki asiteleze. Alipiga marufuku kelele jukwaani. Alipiga marufuku pia mzaha juu ya uzito wa aliyekalia kasha la barafu, marufuku ambayo nimeivunja leo kwa mara ya mwisho. Na Nyamyumba, mpaka sasa, jioni ya kuamkia chanjo watu hufunga. Hakuna tena anayewakumbusha.

Anatuacha kwa sababu mgongo wake umechoka kuinama juu ya meza, na kwa sababu, anavyosema, Belise amekuwa mkali vya kutosha. Tulidhani atapumzika. Wiki iliyopita ushirika ulifanya mkutano wake, na mwenyekiti Mukashyaka akatangaza kwamba wamepata mlishaji mpya wa vizimba. Kuanzia Jumatatu, mwanamke aliyetumia miaka kumi na moja akizunguka ziwa kuwaambia watu wasiwape samaki chakula ndiye atakayewapa.

Hapo Belise alishika kichwa. Vizimba vya Nyamyumba vina vifaranga wapya, na chanjo yao ni mapema mwezi ujao. Ndiye atakayekwenda kumwambia mwalimu wake asiwape hata chembe, na ndiye atakayelala na wasiwasi. Juzi alimwuliza ana kwa ana kama ataweza kuwatazama wakija juu na midomo wazi siku nzima, akawanyima. Mama Epiphanie alifikiri. Kisha akasema, “Sijue. Mutume mutu anichunge.”

Mtu amepatikana. Mukashyaka amejitolea.

Mama Epiphanie, kwa niaba ya Daktari Habiyaremye, ya Belise na kikosi chote, na ya kila mmoja anayepata riziki yake katika picha hizi za ukutani, tunakushukuru. Ulitulinda siku ambayo kujilinda mwenyewe kungekuwa rahisi zaidi. Maisha yako ya sasa na yawe mema, marefu na yenye mgongo usiouma, na moto wa ua wenu ubaki mmoja. Ila siku hiyo ya chanjo, Mama, tunakuomba sana: msikilize wifi yako.